Uhakiki wa Sakiti ya Ingizo la Analojia ya Kodeki ya Sauti WM8731

Sakiti ya ingizo iliyopendekezwa katika karatasi ya maelezo ya WM8731, kodeki ya sauti ya Wolfson Microelectronics, hunakiliwa mara kwa mara katika miradi ya wanafunzi. Ubora wake hauna shaka, ila una mipaka. Vikinza viwili vya 5.6 kΩ hugawa volti kwa nusu, hivyo chanzo cha 2 V RMS hakizidi 1 V RMS, upeo wa chipu inapotumia umeme wa 3.3 V. Kapasita ya 220 pF huchuja masafa ya redio kuanzia takriban 260 kHz bila kugusa sauti; ile ya 1 µF huzuia volti nyoofu kupita kati ya chipu na chanzo.

Udhaifu hudhihirika chanzo kinapobadilika. Chanzo cha 1 V RMS hupoteza desibeli 6 bila sababu, na kuzifidia kwa ukuzaji hukuza kelele pia. Gitaa la umeme huathirika zaidi: kinasa chake hutaka mzigo wa takriban 1 MΩ, ilhali sakiti hii humpa mpigaji takriban 10 kΩ tu. Sauti nyembamba hufifia kabla ya kuifikia chipu. Hapo kikuzaji chenye ukinzani mkubwa wa ingizo hakiepukiki.

Kwa hiyo, mchoro huo usomwe kama jibu la chanzo cha 2 V pekee. Upimaji wa volti na ukinzani wa chanzo hauna budi kutangulia unakili.