Kwa Mkapa Hatoki Mtu, Lakini Sisi Lazima Tutoke

Mpira ulikuwa haujaisha. Berkane walikuwa wamesawazisha dakika za nyongeza, 1-1, na kwa jumla ya mikondo miwili tulikuwa nyuma 3-1. Kwenye kibanda umiza cha Maili Moja, Kibaha, watu walishaanza kunyanyuka kwenye mabenchi. Jamaa mmoja mwenye jezi nyekundu, akipapasa chini kutafuta kandambili yake, akasema, "Tatizo namba tisa. Tukisajili namba tisa wa maana, mwakani tunabeba." Hakuna aliyembishia. Ilikuwa tarehe 25 Mei 2025, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na kwa sisi mashabiki wa Simba dirisha la usajili lilifunguliwa hapo hapo, refa akiwa bado na filimbi mdomoni.

Kuanzia siku ile mpaka Agosti, Kibaha nzima iligeuka kamati ya usajili. Bodaboda wa stendi alikuwa na orodha yake. Muuza chipsi alikuwa na yake. Nani apewe thank you, nani aletwe, beki gani kazeeka, kipa gani anapatikana bure. Na wote tunasema "tumsajili", "tumwache", "tumuuze", kama vile pesa inatoka mfukoni mwetu. Ninasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu lugha ya uchambuzi wa soka redioni, kwa hiyo maneno haya ninayasikiliza kwa kalamu mkononi. Ninayapenda. Lakini nimefika mahali ninaamini kwamba kila mwaka yanajibu swali ambalo timu haikuulizwa.

Tuanze na hesabu. Kati ya 2019 na 2025 Simba imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa au Kombe la Shirikisho mara sita. Mara tano za kwanza tuliishia hapo hapo, mpaka watani wakatuita Mwakarobo. TP Mazembe walitutoa 2019, Kaizer Chiefs 2021, Orlando Pirates 2022, Wydad 2023, Al Ahly 2024. Mwaka 2025 tukavuka, tukawatoa Al Masry na Stellenbosch, tukaangukia kwa Berkane fainali. Ukihesabu tangu robo fainali, hizo ni mechi nane za ugenini. Matokeo: hatujashinda hata moja, tumefungwa magoli 16, tumefunga 1. Goli lenyewe ni la Emmanuel Okwi pale Lubumbashi, dakika za mwanzo kabisa, kabla Mazembe hawajatupiga nne. Tangu Aprili 2019 hatujafunga tena ugenini katika hatua hizo.

Hapa ndipo kauli yetu tamu kuliko zote inaponisumbua. "Kwa Mkapa hatoki mtu." Sawa, hatoki. Lakini mtoano una mechi mbili, na moja yake sisi ndio tunaotoka.

Mtu wa namba tisa atasema, si ndiyo hivyo? Kama hatufungi ugenini, tulete mfungaji. Ninamjibu kwa wiki moja tu ya Mei 2021. Tarehe 15 tulikuwa Johannesburg, tukapigwa 4-0 na Kaizer Chiefs. Tarehe 22 tulikuwa Dar es Salaam, tukawapiga 3-0, na goli moja zaidi lingetupeleka kwenye matuta. Kikosi ni kilekile kilichoongoza kundi lenye Al Ahly ndani. Katikati ya mechi hizo mbili hakuna dirisha la usajili lililofunguliwa. Wachezaji hawawezi kuwa wabovu Jumamosi hii na wazuri Jumamosi ijayo. Na baada ya msimu ule tulifanya nini? Agosti, Luis Miquissone akaenda Al Ahly, Clatous Chama akaenda Berkane, tukaanza upya.

Hoja yangu ya kwanza, basi, ilikuwa kwamba hatuna uzoefu wa kucheza ugenini kwa sababu timu haikai pamoja muda wa kujifunza. Kampeni sita, makocha sita: Aussems, Gomes, Pablo, Robertinho, Benchikha, Fadlu. Hakuna hata mmoja aliyerudi robo fainali mara ya pili akiwa na Simba kurekebisha alichokosea mara ya kwanza. Niliiandika hoja hiyo kwenye daftari, nikaipamba, nikaenda nayo Kisarawe kwa mjomba.

Kutoka Kibaha kwenda Kisarawe kwa usafiri wa umma ni safari ya kukujaribu imani. Unashuka mpaka Mbezi, unaunganisha mpaka Gongo la Mboto, unapanda tena, unapita Pugu, na ndipo hewa inapobadilika na kuwa ya vilima. Mjomba anakaa huko tangu alipostaafu. Ni Simba wa zamani, wa redio ya mkulima, na mwaka 1993 alikuwepo uwanjani Dar es Salaam kwenye fainali ya Kombe la CAF. Nilimkuta barazani na sufuria ya muhogo wa kuchemsha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umekuja na namba tisa?"

Nikamsomea daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akamenya kipande cha muhogo, akasema, "Hesabu zako nzuri. Lakini mwaka tisini na tatu tulitoka salama. Abidjan suluhu. Tukaja kufia nyumbani."

Ni kweli. Stella ya Abidjan walikuja Dar wakashinda 2-0 na kuondoka na kombe. Mjomba hakuishia hapo. "Na UD Songo?" Agosti 2019, suluhu kule Msumbiji, 1-1 hapa, tukatoka kwa goli la ugenini. "Na Galaxy?" Oktoba 2021, tulishinda 2-0 Botswana, tukafungwa 3-1 hapa hapa kwa Mkapa, tukatoka. "Sasa mjomba, hao nao walitufunga ugenini?"

Sikuwa na jibu. Nilikula muhogo. Niliporudi Kibaha usiku ule nilichora upya jedwali langu. Safari hii sikupanga mechi kwa nyumbani na ugenini. Nilizipanga kwa kitu kimoja tu: timu iliingia mechi ya marudiano ikiwa imeshika nini mkononi.

Picha ikabadilika. Stella 1993, tulishika suluhu ya ugenini. Songo, vilevile. Galaxy, tulishika mbili. Pirates 2022, tulishika 1-0 ya nyumbani, tukaenda kuilinda Afrika Kusini, tukafungwa moja, tukatolewa kwa matuta. Wydad 2023, tulishika 1-0, tukaenda kuilinda Casablanca, tukafungwa moja, tukatolewa kwa matuta. Mara zote tano tulikuwa na kitu, na mara zote tano tulikipoteza.

Sasa geuza upande wa pili. Chiefs, tuliingia tukiwa nyuma nne, tukashinda tatu. Al Masry, Aprili 2025, tuliingia tukiwa nyuma mbili, tukafunga mbili ndani ya kipindi cha kwanza, na Moussa Camara akamaliza kazi kwenye matuta. Na kuna ile African Football League ya Oktoba 2023, ambayo sikuiweka kwenye zile mechi nane: Al Ahly walitutoa sare ya 2-2 Dar, kwa hiyo tukaenda Cairo tukijua lazima tufunge. Tukafunga. Tukatoka 1-1, kwa goli la ugenini, bila kupoteza mechi hata moja.

Kuna tulizolinda tukavuka, sikatai. Plateau United 2020, Stellenbosch 2025. Lakini kwa mtazamo wangu mwelekeo uko wazi. Simba isiyo na kitu inacheza mpira. Simba yenye kitu inaogopa kukipoteza, na inakipoteza.

Huko Mlandizi, enzi Ruvu Shooting ikiwa Ligi Kuu, nilikuwa naenda Mabatini kuona wanavyopaki basi mbele ya timu kubwa. Niliwaelewa. Ruvu walikuwa wanalinda kwa sababu pointi moja kwao ilikuwa mshahara. Waliposhuka 2023 niliumia. Lakini Simba, yenye wachezaji kutoka nusu ya Afrika, inalinda kwa sababu gani?

Nadhani jibu liko kwenye namna tunavyoachana na watu. Gomes aliondoka siku mbili baada ya Galaxy. Robertinho aliondoka siku mbili baada ya Yanga kutufunga 5-1, Novemba 2023, wiki mbili tu tangu aivushe timu Cairo bila kufungwa. Benchikha aliondoka mwezi uleule tuliotolewa na Al Ahly. Kocha anayejua kwamba mechi moja ndiyo mkataba wake atafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: ataweka kiungo mkabaji mmoja zaidi. Woga ule hauzaliwi Casablanca. Unapakiwa kwenye mizigo hapa Dar.

Nina ushahidi mwingine, na ni mchungu kuuandika. Septemba 2021 Yanga walifungwa na Rivers United ya Nigeria nyumbani na ugenini, wakatolewa hatua ya awali. Kocha alikuwa Nasreddine Nabi. Hawakumfukuza. Mwaka uliofuata Al Hilal ya Sudan wakawatoa tena. Hawakumfukuza. Aprili 2023, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, wakapangwa na Rivers United wale wale. Wakaenda Nigeria, wakashinda 2-0. Nusu fainali wakashinda 2-1 kwa Marumo Gallants. Fainali, baada ya kufungwa 2-1 nyumbani, wakaenda Algiers wakashinda 1-0 na kulikosa kombe kwa goli la ugenini tu. Mechi tatu za mtoano ugenini, ushindi mara tatu. Kocha yule alishafungwa, akabaki kazini, akarudi akiwa anajua.

Mtu anaweza kusema Rivers na Marumo si Al Ahly na Wydad. Hilo ninalikubali. Lakini Galaxy na Songo nao si Al Ahly, na walitutoa.

Kwa hiyo nikiulizwa kikosi kinahitaji nini, nitataja nafasi kama kila mtu. Beki wa kushoto, kwa sababu Mohamed Hussein Tshabalala, nahodha, aliyekuwepo tangu 2014, mmoja wa wachache waliokuwa klabuni Lubumbashi na wakawepo Berkane, dirisha lile alivuka barabara akaenda Yanga. Beki wa kushoto mwingine atapatikana. Kumbukumbu ya safari zote zile haipatikani sokoni, na sasa iko kwa mtani. Lakini hata kabla ya beki, ningeomba kocha ambaye ameruhusiwa kufungwa.

Septemba ilipofika, Fadlu Davids, aliyetupeleka fainali, naye akaondoka kwenda Raja Casablanca. Safari hii hatukumfukuza. Ila sioni ajabu mtu kuondoka kabla hajaondolewa, kwenye nyumba ambayo waliomtangulia hawakudumu.

Naandika haya nikijua si ya Simba peke yake. Tasnifu yangu iko kwa msimamizi wa tatu. Wa kwanza alihama, wa pili alistaafu, na kila mmoja alianza kwa neno lile lile: "Tuanze upya." Mara ya kwanza nilibishana. Mara ya pili niliitikia. Mara ya tatu, kabla hata hajaniambia, nilikuwa nimeshaitoa mwenyewe sura ya nne, ile yenye hoja, nikabakiza sura ambazo hakuna wa kuzipinga. Nilikuwa na 1-0 mkononi na nilikuwa ninailinda. Jedwali la mjomba ndilo lililonionyesha hivyo.

Nilimpigia simu jioni ya habari za Fadlu. Nilitaka kumweleza kuhusu woga, kuhusu Nabi, kuhusu mikataba. Alinisikiliza, kama kawaida yake, mpaka mwisho.

"Ni kweli, mjomba," akasema. "Lakini huyu namba tisa mpya umemwona?"

Nikacheka, tukamjadili namba tisa kwa nusu saa nzima. Baada ya kukata simu nikafungua kompyuta, nikaitafuta sura ya nne kwenye mafaili ya zamani, nikairudisha mahali pake. Kikao na msimamizi ni Jumatatu.