Kiza cha Limbo

Limbo, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2010 na Playdead ya Copenhagen, Denmark, hauna neno lisemwalo, wala rangi ila nyeusi, nyeupe na kijivu. Mtoto azinduka msituni, macho yake nukta mbili za nuru, amtafute dada yake. Sauti za Martin Stig Andersen hazimwamuru mchezaji aogope. Ni mvumo tu, na hofu huja yenyewe.

Kilele ni buibui. Yule mwindaji wa kutisha mwishowe husalia na mguu mmoja. Mtoto huung'oa, kisha akaubingirisha mwili shimoni apate pa kukanyaga. Hapo mchezaji humwonea adui huruma, na tungo chache za kutisha hufika huko.

Kisha msitu huwa kiwanda, na buibui hana mrithi. Mitambo miwili ya kuponda hufanana kama pacha, ila wa pili huua pale wa kwanza uliposalimisha. Huo si ugumu, ni hila: hajui ila aliyekwisha kufa. Kifo kikirudiwa mara kumi hakitishi tena, chaudhi.

Hata hivyo, mtoto avunjapo kioo na kumkuta dada yake, msichana ashtuka tu, kisha kiza.