Kumbukumbu na Hifadhi: Uhakiki wa Istilahi za Mwongozo Mmoja wa Kompyuta

Miongoni mwa kazi zilizoletwa kwetu hivi karibuni ili zitazamwe kabla ya kuchapwa upya, ulikuwamo mwongozo mfupi uliofasiriwa kutoka Kiingereza. Madhumuni yake ni kumsaidia mwalimu au mtumishi wa ofisi achague kompyuta mpakato ndogo na, baada ya miaka kadhaa, abadilishe mwenyewe kifaa kinachohifadhi kazi zake. Madhumuni hayo ni mema. Kompyuta iliyozeeka, ikitolewa diski yake ya zamani na kutiwa hifadhi mpya inayosomeka upesi, aghalabu huweza kutumika miaka mingine. Na kwa shule yenye fedha kidogo hilo si jambo dogo.

Kwa bahati mbaya mwongozo huo ulikwisha kutumika kabla haujatufikia, na matumizi yake yalileta hasara. Mwalimu mmoja wa sekondari aliufuata hatua kwa hatua. Katika ukurasa unaoeleza jinsi ya kutoa diski alisoma hivi: "Usiguse kumbukumbu, kumbukumbu zitabaki mahali pake." Akaelewa, kama ambavyo msomaji yeyote wa Kiswahili angeelewa, kwamba kumbukumbu zake, yaani alama za wanafunzi na maandalio ya masomo, zitabaki salama ndani ya mashine. Kwa hiyo hakunakili kitu. Diski ya zamani alimwachia fundi iwe sehemu ya malipo, naye fundi akaifuta ili aiuze. Alama za mihula miwili zikapotea. Kumbe mwandishi wa Kiingereza alikuwa akisema juu ya kitu kingine kabisa: vile vibao vya chipu ambavyo kompyuta huvitumia inapofanya kazi, na ambavyo havikuwa na haja ya kuguswa.

Hatusemi haya kwa nia ya kumlaumu mfasiri. Yeye alitumia neno lililokwisha kuzoeleka. Kosa ni la istilahi yenyewe, na sisi tunaoshughulika na istilahi hatuwezi kujitoa katika lawama.

Hebu tulitazame neno hilo. Katika Kiswahili cha ofisini kumbukumbu ni kitu kinachodumu. Kumbukumbu za mkutano huandikwa ili zisomwe na kuthibitishwa katika mkutano unaofuata, na barua ya serikali hupewa namba ya kumbukumbu ili ipatikane hata baada ya miaka kumi. Kifaa kinachoitwa kumbukumbu katika kompyuta kina tabia iliyo kinyume na hayo yote: mashine ikizimwa, yote yaliyokuwamo hutoweka. Mfano ulio karibu nasi ni wa karani na masjala. Karani huleta jalada kutoka masjala, hulifungua juu ya meza, hufanya kazi, kisha hulirudisha. Meza ikiwa pana, majalada mengi huweza kufunguliwa kwa wakati mmoja. Lakini hakuna anayehifadhi majalada ya idara juu ya meza. Katika kompyuta, kumbukumbu ndiyo meza, na hifadhi ndiyo masjala. Mnunuzi akiambiwa kuwa kompyuta ina gigabaiti 8 za kumbukumbu na gigabaiti 256 za hifadhi, hana budi kujua kwamba tarakimu ya kwanza ni upana wa meza na ya pili ni nafasi ya makabati. Mwongozo wetu umeziita zote mbili kumbukumbu.

Jambo la pili ni neno "ngumu". Mwongozo unasema kwamba ziko aina mbili za vifaa vya kuhifadhia, nazo ni "diski ngumu" na "kiendeshi cha hali ngumu", halafu unamshauri msomaji aachane na ya kwanza, achukue ya pili. Tumewasomea maelezo hayo watu watatu wa ofisi yetu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema tofauti ya ngumu hii na ngumu ile. Ukweli ni kwamba kifaa cha kwanza kina sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika katika kompyuta mpakato, na mkono unaosoma juu yake. Kifaa cha pili hakina kitu kinachozunguka, bali ni chipu tupu. Maneno "hali ngumu" yamefasiriwa neno kwa neno kutoka istilahi ya elektroniki, ambako kwa Kiingereza yana historia yake. Katika Kiswahili historia hiyo haipo, na linalobaki ni ugumu peke yake. Hata tukisema "hali yabisi" kama wafanyavyo walimu wa fizikia, bado sahani ya diski nayo ni yabisi.

Juu ya hayo, "kiendeshi" limekwisha kushika kazi nyingine. Ni jina la programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa fulani, kwa mfano mashine ya kuchapia. Mtu akiambiwa "ondoa kiendeshi cha zamani" hajui kama achukue bisibisi au aketi mbele ya kioo.

Yafaa tukumbuke kwamba hata Waingereza na Wamarekani walilipa jina umbo, si kazi. Kampuni ya IBM ilipotangaza hifadhi ya diski mwaka 1956, mtambo wake ulikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, na uliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Sahani zilionekana kwa macho, jina likawa diski. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilipotoa kompyuta ndogo ya Eee PC, yenye kioo cha inchi 7, ndani yake hamkuwa na sahani yoyote, bali gigabaiti 4 za chipu. Umbo limetoweka, kazi imebaki. Istilahi iliyosimama juu ya kazi ingeendelea kufaa.

Kosa la tatu ni dogo kwa maandishi lakini kubwa kwa mfuko. Katika sehemu ya kuchagua, mwongozo unasema kwamba katika baadhi ya kompyuta ndogo hifadhi "imeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu". Msomaji huona kuwa hiyo ni sifa njema. Kumbe maneno ya asili yalikuwa onyo: chipu za hifadhi zimelehemewa kwenye ubao, hivyo mwenye kompyuta hataweza kuzibadilisha. Fundi yeyote wa redio analijua neno kulehemu. Kwa kuliacha, mfasiri ameligeuza onyo kuwa sifa, na atakayenunua kompyuta hiyo kwa matumaini ya kuiongezea nafasi baadaye atakuwa ametupa fedha zake.

Nne, neno "ukubwa" limebebeshwa mizigo miwili. Tunasoma "ukubwa wa inchi 2.5" na "ukubwa wa gigabaiti 500" katika sentensi moja. La kwanza ni umbo, la pili ni nafasi. Tena umbo lenyewe halijaelezwa vya kutosha, maana unene umesahauliwa. Kompyuta ndogo ya ThinkPad X220 ya mwaka 2011, kwa mfano, hupokea hifadhi ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Ile ya milimita 9.5 haiingii, ingawa upana na urefu ni ule ule. Vivyo hivyo tarakimu 2280, iliyofasiriwa kuwa "modeli 2280", si modeli hata kidogo. Ni vipimo vya kibao: upana milimita 22, urefu milimita 80. Mfasiri asiyejua maana ya tarakimu hawezi kumwongoza mwingine azisome.

Mwisho, mwongozo unatumia "kupandisha daraja" kila mahali Kiingereza kinapozungumzia kubadilisha kifaa kwa kilicho bora zaidi. Watumishi wa serikali wanaojua maana ya kupandishwa daraja watashangaa kusikia kwamba diski imetangulia kuipata heshima hiyo. Hapa hapahitajiwi istilahi yoyote. "Kubadilisha hifadhi" inatosha, na palipo na haja ya kueleza zaidi, isemwe "kuweka hifadhi yenye nafasi kubwa zaidi" au "yenye kasi zaidi". Si kila kitenzi cha kigeni kinachostahili kupewa pacha wa Kiswahili.

Haki inatudai tuseme pia yaliyo mazuri. "Kompyuta mpakato" limetumika bila kuyumba tangu mwanzo hadi mwisho. Ni neno zuri, kwa sababu kila aliyepata kumpakata mtoto hulielewa bila kufundishwa. Na "kipakatalishi" linalotumiwa na wenzetu wa Kenya limechota katika kisima hicho hicho.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Neno "hifadhi" liwe jina la jumla la kifaa kinachotunza kazi mashine inapozimwa. Chini yake ziwepo "hifadhi ya diski" na "hifadhi ya chipu", na wauzaji waandike majina hayo kando ya herufi HDD na SSD zilizo kwenye makasha. "Kumbukumbu" limekwisha kuenea mno, na kulifuta kungeleta vurugu mpya. Basi lisiachwe peke yake, bali liandikwe "kumbukumbu ya muda". "Kiendeshi" kibaki kwa programu. "Nafasi" litumike kwa gigabaiti, kama watu wanavyosema tayari kuwa simu imejaa, haina nafasi.

Tunajua kwamba mapendekezo haya yanaweza kuwa na kasoro, na tungependa kusikia kutoka kwa walimu na wafasiri wanaoyatumia maneno haya kila siku. Lakini twaomba jambo moja lizingatiwe kabla ya orodha yoyote kusanifiwa. Tumezoea kuijadili istilahi tukiwa tumeizunguka meza, tukiulinganisha muundo wake na ule wa Kiingereza. Istilahi za vifaa zisomwe pia mbele ya mtu aliyeshika bisibisi, ambaye hakijui Kiingereza, na aulizwe atafanya nini sasa. Kama yule mwalimu angeulizwa swali hilo mapema, alama za wanafunzi wake zingalikuwapo leo.