Riwaya Tano za Kusomwa Bila Mwongozo

Majuzi nilikuwa Eldoret kwa shughuli za mazishi. Nikiwa kwenye foleni ya benki, mama mmoja aliniita kwa jina ambalo sijaitwa miaka mingi: "Mwalimu!" Nilimfundisha Kiswahili katika shule ya upili, kabla sijarudi chuoni kusomea shahada ya uzamifu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za fulani na fulani, kisha akaniambia jambo ambalo limenikalia moyoni hadi leo.

"Mwalimu, mimi napenda kusoma. Mwezi hauishi bila kumaliza kitabu. Lakini nikwambie ukweli, usikasirike. Tangu nimalize KCSE sijafungua riwaya ya Kiswahili. Nikiiona tu, nasikia harufu ya mtihani."

Nilicheka, lakini kicheko cha mtu aliyefumaniwa. Nikaanza kumtajia riwaya moja baada ya nyingine. Akanikatiza. "Hizo ni setibuku, Mwalimu. Mimi nakuuliza zile wewe mwenyewe unazipenda." Zamu yake dirishani ikafika. Alipomaliza shughuli zake alikuwa na haraka, nami sikuwa na jibu la kumpa. Makala ya leo ni jibu langu kwake, na kwa wengine wengi walio kama yeye.

Kwanza nikiri kosa. Sisi walimu wa fasihi tumekuwa tukiichinja riwaya na kuigawa vipande: hapa maudhui, hapa wahusika, hapa mbinu za uandishi. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Jadili sifa na umuhimu wa mhusika huyu, alama ishirini. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika mwongozo. Ulinisaidia kulipa karo za watoto, siwezi kuutukana. Lakini najua ulichowafundisha wanafunzi: kwamba mtu anaweza kupita mtihani wa riwaya bila kuisoma riwaya. Na wengi walipita, tena vizuri.

Basi, mpenzi msomaji, hebu niweke kalamu nyekundu kando. Riwaya ninazopendekeza hapa ni tano. Sizipangi kwa ubora, bali kwa namna ambavyo ningependa mtu aliyekaa muda mrefu bila kusoma Kiswahili azifuate.

Ya kwanza ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996. Najua mama yule ataguna akiiona hapa, maana ndiyo niliyomfundisha kwa majedwali. Nikamchoresha safu tatu: mhusika, sifa, umuhimu. Nadhani anaikumbuka safu ya pili kuliko anavyomkumbuka Kongowea Mswahili, kijana yatima kutoka Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarab, anayefunga safari kuja Kenya kumtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Nimeirudia mwaka huu nikiwa sina swali la kutunga, nikagundua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nimeipita sauti ya kijana huyu bila kuisikia. Ni sauti ya mtoto aliyesimangwa, anayejifariji kwa lugha kwa sababu lugha ndiyo mali pekee aliyoachiwa.

Riwaya hii ina dosari. Sadfa zimezidi, na mhusika mkuu anasifiwa na karibu kila mtu anayekutana naye. Lakini itazame ramani ya safari yake. Walibora anamtoa kijana pwani ya Tanzania na kumleta bara la Kenya, akielekea Kitale, na Kiswahili chake hakipungui njiani. Kwa mwandishi aliyekulia bara, hilo lilikuwa dai zito: kwamba lugha hii ni yetu pia, sisi tuliojifunza darasani. Walibora alitutoka Aprili 2020. Ukitaka kumkumbuka, usimsome kama mtahiniwa. Msome kama msafiri mwenzako.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Hii ndiyo ninayompa mtu anayesema Kiswahili cha vitabuni ni kigumu. Tupo Unguja ya miaka ya 1950, chini ya ukoloni. Yasmin, msichana mdogo mwenye asili ya Kihindi, ameozwa mwanamume wa umri wa kumzaa. Anaikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamtenga, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika asiye na mali ila chumba, ucheshi na moyo mkunjufu. Kisha anatokea Denge, mwanaharakati anayesakwa na makachero wa serikali.

Wahakiki wengi, nami nikiwamo, tumeandika kuhusu Denge na harakati zake. Leo nadhani tulielekeza macho pasipo. Denge anazungumza kama aliyekariri kijitabu cha chama. Unajua atakalosema kabla hajafungua kinywa. Uhai wa riwaya hii umo chumbani mwa Mwajuma. Pale, wanawake wawili ambao jamii imewapangia wasijuane wanapika pamoja, wanacheka pamoja na kufichiana siri. Kama kuna mapinduzi katika kitabu hiki, nahisi yanaanzia hapo, si kwenye mikutano ya wanaume. Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021. Itazame, lakini soma kitabu kwanza.

Ya tatu ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976. Hii isome polepole. Sijui mwandishi mwingine wa nathari ya Kiswahili anayeielezea mvua, kiza au njia ya shamba kwa utulivu kama huu. Rehema anazaliwa katika nyumba ya mwenye mashamba, lakini rangi yake inamfanya mgeni kwa baba yake mzazi. Baadaye, yeye na mumewe Sulubu wanakitolea jasho kipande cha ardhi, na warithi wenye kujivunia nasaba wanakuja kukidai.

Wakenya hatuhitaji mwongozo kuelewa hapo. Nani kati yetu hana jirani, shangazi au ndugu aliyelima shamba miaka ishirini kisha akaambiwa halina hati? Riwaya hii ya Zanzibar inaweza kusomwa Molo au Kwale na mtu akadhani inamhusu yeye. Onyo langu ni moja tu: baadhi ya maneno ni ya kule visiwani, na huenda yakakusumbua. Usikimbilie kamusi kila mara. Endelea kusoma, mengi yatajieleza yenyewe mbele ya safari.

Ya nne ni Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Nasikitika kwamba vijana wengi leo hawajui hata jina la mwandishi huyu. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, mzaliwa wa pwani yetu, na mwaka 1986 alitiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, kama walivyofanyiwa wasomi kadhaa wa wakati ule. Miaka tisa baada ya hapo alituletea kisa cha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo na kutupwa angani ndani ya chombo, akatua katika nchi ambayo watu wake wamejenga maisha ya haki na usawa. Litamke jina la nchi hiyo polepole: wale-ni-sisi.

Nitasema wazi kwamba kuna kurasa ambapo Mkangi anahutubu. Mhusika anauliza, mwenyeji anajibu, na jibu linageuka mhadhara. Msomaji mwenye haraka atasinzia. Hata hivyo, sijaona riwaya ya Kenya iliyothubutu kama hii. Wengi wetu tuliandika kuhusu uovu wa watawala. Tulikuwa hodari wa kulia. Mkangi aliuliza swali tulilolikwepa: tukiupata uhuru kamili, tutaishi vipi? Anatabasamu anapouliza, na ndiyo maana nimemsamehe mihadhara yake yote.

Ya tano ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Ilizua kelele ilipotoka, na kwa muda ikazuiwa kusomwa shuleni nchini Tanzania. Rosa ni binti wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Baba yake, Zakaria, anamlinda kwa kiboko. Barua moja tu ya mvulana inatosha kumletea kipigo. Anapoondoka nyumbani kwenda masomoni, hana silaha yoyote ya kukabiliana na dunia, kwa sababu nyumbani alifundishwa kuogopa, hakufundishwa kuchagua.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa kijana, nikamlaumu Rosa. Nilipoisoma tena nikiwa baba wa mabinti, nilimlaumu Zakaria. Juzi nimeisoma nikiwa babu, nikajiona mimi mwenyewe, nikikumbuka maneno niliyowaambia wanangu kwa ukali nikidhani nawalinda. Kezilahabi hana huruma kwa msomaji, na kuna sehemu anapomwadhibu Rosa kupita kiasi, kana kwamba naye ana kiboko mkononi. Hilo ni la kubishania, na vitabu vizuri huacha ubishi nyuma yake. Ukishaizoea kalamu yake, ndipo umsogelee katika Nagona, ya mwaka 1990. Kijitabu hicho ni chembamba, lakini kimewatoa jasho maprofesa. Usianze nacho, utanichukia bure.

Utaniuliza, je, Prof, wewe sasa hivi unasoma nini? Kitabu kilicho kando ya kitanda changu ni Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Ni kisa cha Yusuf, mtoto anayetolewa na wazazi wake kwa tajiri ili kufidia deni, naye anadhani amechukuliwa na ami yake kwenda matembezini.

Nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza zamani. Kwa Kiswahili nimepata hisia mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja, ni kama kumwona mtu aliyekaa ughaibuni miaka mingi akirudi kwao na kukaa mkekani: salamu, matusi, majina ya vyakula, vyote vimepata pumzi. Kwa upande mwingine, kuna upweke fulani uliokuwamo katika Kiingereza cha Gurnah, upweke wa watu wa pwani wanaosemewa kwa lugha ya mbali, ambao hapa umepungua. Sisemi tafsiri imekosea. Nasema mtu akirudi nyumbani, kuna kitu anakiacha bandarini. Zisome zote mbili kama waweza, kisha uniambie kama nimekosea mimi.

Kwa nini nimeyasema haya yote katika safu ya lugha? Kwa sababu naona hatari. Ukiingia katika maduka mengi ya vitabu nchini, rafu ya riwaya za Kiswahili ni rafu ya mtihani. Kitabu kikitolewa kwenye orodha ya vitabu teule, hakichukui muda kutoweka. Baadhi ya hivi nilivyovitaja itakubidi kuviulizia kwa wachuuzi wa vitabu vikuukuu au kumwazima rafiki. Wachapishaji hawafanyi hivyo kwa chuki. Wanajua hakuna atakayevinunua. Na mwandishi chipukizi akishajua kwamba msomaji wake pekee ni mtahiniwa, atamwandikia mtahini. Ataondoa mapenzi, ataondoa matusi, ataondoa shaka, atahakikisha kila mhusika ana sifa tano zinazohesabika. Hapo tutakuwa na riwaya safi zisizomuuma mtu, wala kumponya.

Si lazima tuingoje serikali wala wizara. Kama una mtoto katika kidato cha nne, kichukue kitabu chake, Nguu za Jadi cha Clara Momanyi, ukisome akishalala. Kesho yake mezani usimuulize maudhui. Muulize kama angekuwa Mangwasha angefanya nini. Utashangaa atakachokujibu.

Na wewe mama wa Eldoret, kama gazeti hili limekufikia, niwie radhi kwa yale majedwali. Anza na Mwajuma na Yasmin. Ukimaliza, wajua pa kunipata. Safari hii nakuja kukusikiliza, na sitatoa alama.