Kuku wa Dirishani na Kuku wa Kentucky

Ukitaka kujua mji unajionaje, soma vibao vya migahawa yake. Singida mjini siku hizi utakutana na Fast Food, Burger, Crispy Chicken. Ndani kuna kuku wa kisasa, chipsi, sosi nyekundu, na ukutani picha ya baga iliyotolewa intaneti, nzuri kuliko baga yenyewe.

Ingekuwa kichekesho tu kama isingekuwa Singida. Huu ni mkoa ambao msafiri wa Mwanza au Dar anaujua kwa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji. Basi likisimama, kuku anafika dirishani kabla konda hajamaliza kutangaza dakika za kuchimba dawa. Kuku huyohuyo hupakiwa kwenye matenga kwenda Dar es Salaam, na huko jina la mkoa peke yake linampandishia bei. Kwao sasa! Kwenye menyu yenye picha za rangi, mara nyingi yuko mstari wa mwisho, kama yupo.

Cha ajabu ni kwamba kuku wa Kimarekani naye alianza kama kuku wa wasafiri. Mwaka 1930 Harland Sanders alikuwa na kituo cha mafuta Corbin, Kentucky, akawa anawapikia waliosimama hapo. Mwaka 1952 duka la kwanza lenye leseni ya kuku wake likaanza Salt Lake City. Mwaka 2011 KFC ikaingia Nairobi, na 2013 ikafika Dar es Salaam. Kuku wa barabarani wote wawili. Mmoja akapewa jina, sura na masimulizi. Mwingine kaachiwa mama mwenye beseni kichwani.

Hata London baga ya Kimarekani ilipanda cheo kwa njia hiyo. Yianni Papoutsis alikuwa akiiuza kwenye gari, The Meatwagon, kabla ya mgahawa wa MEATliquor kufunguliwa mwaka 2011. Waandishi wa chakula waliionja na kuijadili kwa makini, nyama yake, mkate wake, kama mtu anavyojadili riwaya. Sisi kuku wetu tunamsifu tu. Kumchambua, bado.

Basi tumchambue. Wa dirishani si malaika. Kuna aliyekaangwa asubuhi akapashwa mpaka akawa kamba, unaanza kumtafuna Singida unammalizia Manyoni. Ladha ni chumvi, basi. Na tusiwasimange vijana wa chipsi: kuku wa kisasa ni rahisi, anaiva haraka, na mwanafunzi ana njaa leo. Tena chipsi mayai hatukufundishwa na Mmarekani. Tuliitunga wenyewe, na ni tungo safi.

Hofu yangu iko kwingine. Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vya kutoka nje vilichelewa njiani. Viazi vya wakulima wa Kenya vilikuwepo, ila havikuwa kwenye utaratibu wa kampuni. Menyu ikishaandikwa mbali, mkulima wa jirani anageuka mgeni. Singida mgeni huyo atakuwa mama wa Ikungi au Iramba anayeuza jogoo ili mtoto apate daftari na sare. Atakuwa pia mkamua alizeti, anayepita mbele ya kikaango kinachochemka mafuta ya mawese kutoka nje.

Menyu nayo ni maandishi, na anayeiandika anaamua nani aonekane. Sidai baga ifutwe. Nadai mgahawa mmoja tu wa hapa uandike mstari wa kwanza hivi: kuku wa Ikungi, amekaangwa kwa alizeti, na ugali wa uwele na mlenda. Bei iwe pembeni. Halafu aje mteja, aonje, na aseme ukweli.