Ustadi wa Biti Chache

Mita ya kawaida ya LUKU, umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, haijaunganishwa na mtandao wowote. Mteja analipa kwa simu, anapokea tokeni ya tarakimu 20, anaiingiza kwa vitufe, na mita inakubali au inakataa papo hapo bila kumuuliza mtu. Ni kazi ya chipu moja ndogo, na kwangu mimi hakuna kifaa nyumbani kinachoonyesha vizuri zaidi uzuri wa ufundi wa kubuni sakiti na kuziandikia programu.

Tarakimu hizo 20 zinatosha kubeba biti 66 tu. Waliobuni mfumo huu, ulioanzia Afrika Kusini na sasa unatumika katika nchi nyingi, walizigawa kwa ubahili wa hali ya juu: biti 16 za kiasi cha umeme, biti 24 za muda tokeni ilipotolewa, biti 16 za kugundua tarakimu iliyokosewa, na 10 zilizobaki kwa mambo mengine, ikiwemo aina ya tokeni. Kisha ujumbe hufungwa kwa ufunguo wa siri unaohusisha namba ya mita, ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako. Ule muda nao una kazi yake: mita hukumbuka tokeni ilizokwisha kupokea, kwa hiyo huwezi kuingiza ileile mara mbili. Yote hayo yanafanyika ndani ya boksi ukutani.

Anayetengeneza programu ya simu akikosea leo hutuma marekebisho kesho. Programu ya mita ikishatundikwa ukutani Lindi au Sumbawanga, hakuna atakayerudi kuigusa. Mwandishi wake analazimika kuwaza mapema kila litakaloweza kutokea: umeme kukatika katikati ya hesabu, joto, vumbi, mtoto kuchezea vitufe, miaka kupita. Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu kuliko aina nyingine zote za uandishi wa programu.

Chukua kitufe. Kikibonyezwa, vipande viwili vya chuma ndani yake havigusani mara moja vikatulia. Hudundadunda, vikigusana na kuachana kwa milisekunde chache. Kidole hakihisi lolote, lakini chipu inahisi. Kwa mfano, chipu ya ATmega328P, ile iliyomo kwenye ubao wa majaribio wa Arduino Uno, inakwenda kwa megahezi 16, kwa hiyo milisekunde 5 kwake ni mapigo 80,000 ya saa. Ina nafasi tele ya kuhesabu kila mdundo kama bonyezo jipya. Mtu anabonyeza 7, kioo kinaandika 777. Fundi makini huiamuru chipu isubiri kidogo, tuseme milisekunde 20, isome tena, na ikubali tu kama hali haijabadilika. Ni mistari michache ya programu, na hakuna mteja atakayewahi kujua kwamba ipo.

Au chukua kumbukumbu. Chipu hiyohiyo ina kilobaiti 32 za programu, kilobaiti 2 za kufanyia hesabu, na kilobaiti 1 ya kutunza mambo yasiyofutika umeme ukikatika. Hiyo ya mwisho huchakaa: watengenezaji wanaihesabia kuandikwa mara 100,000 kila sehemu. Idadi inaonekana kubwa mpaka upige hesabu. Ukihifadhi salio la uniti kila dakika mahali palepale, zinakwisha kabla ya siku 70. Kwa hiyo unahamahama, salio likiandikwa mahali hapa safari hii na pale safari nyingine. Au unaacha kuandika kabisa mpaka volteji ianze kushuka, na kapasita uliyoiweka kwenye sakiti inaishikilia chipu hai kwa zile milisekunde chache za kuandika. Hapo programu na sakiti haziwezi kutenganishwa. Anayejua moja tu atashindwa.

Chipu za ukoo huu zilitokana na mawazo ya wanafunzi wawili wa Trondheim, Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, na zilianza kuuzwa na Atmel mwaka 1997. Arduino ikafuata mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu ambao hawakusomea elektroniki. Ninawashukuru wote, kwa sababu walifungua mlango ambao zamani ulikuwa wa maabara za kampuni kubwa.

Turudi kwenye zile biti 24 za muda. Zinahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na biti 24 haziwezi kuvuka 16,777,215. Dakika hizo zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka ule wateja wa Tanzania, Kenya na kwingineko walitakiwa kuingiza tokeni za ziada ili mita zao ziendelee kupokea tokeni. Ni rahisi kuuita huo uzembe. Mimi nakataa. Kuongeza biti 8 kungerefusha tokeni kwa tarakimu tatu, kwa kila mteja, katika kila ununuzi, kwa zaidi ya miaka 31. Na wabunifu waliacha njia: tokeni maalumu hubadilisha ufunguo na kuanza kuhesabu upya kutoka 2014. Mita iliyofungwa ukutani miaka mingi nyuma ilirekebishwa na mwenye nyumba mwenyewe, kwa kubonyeza vitufe, bila fundi kufika. Huo ni ustadi wa kiwango cha juu kabisa.

Kijana unayetaka kuingia kwenye kazi hii, usiishie kunakili programu za wengine. Kitabu cha maelezo cha ATmega328P kinapatikana bure. Ni kinene, lakini kisome. Anza na sura ya pini za kuingiza na kutoa. Taa ndogo iliyo kwenye ubao wa Uno imeunganishwa na pini 13, ambayo ndani ya chipu ni biti ya 5 ya poti B. Andika 1 kwenye biti hiyo ya rejista ya DDRB, kisha 1 kwenye biti hiyohiyo ya PORTB, na taa itawaka.