Albamu ya Roots: Dakika 28 na Jina Moja Jaladani

Muziki wa Roots, tamthilia iliyorushwa na ABC ya Marekani kwa usiku nane mfululizo, kuanzia tarehe 23 hadi 30 Januari 1977, una watunzi wawili: Quincy Jones na Gerald Fried. Jalada la albamu linamtangaza mmoja tu. A&M Records ndiyo iliyofanya uamuzi huo mwanzoni mwa mwaka huo, ilipotoa santuri namba SP-4626 kama albamu ya Quincy Jones. Matoleo yaliyofuata yameirithi kasoro hiyo bila kuigusa. Ubora wa sauti, hali ya jalada na bei sokoni vina nafasi yake katika mjadala wa wakusanyaji, lakini albamu hii hailinganishwi kwa haki kabla ya suala la Fried kuwekwa mezani.

Mgawanyo wa kazi unajulikana. Jones alikuwa rafiki wa Alex Haley, mwandishi wa kitabu cha Roots, na kwa miaka kadhaa alikuwa akifuatilia safari ya muziki wa Waafrika hadi Marekani. Mtayarishaji David L. Wolper alipomkabidhi tamthilia, alimpata mtu aliyekuwa na maktaba nzima kichwani. Tatizo likawa muda. Televisheni haisubiri mtu amalize utafiti, na siku za kurusha vipindi zilipokaribia Fried akaitwa kuokoa jahazi. Jones aliacha alama kwenye mwanzo wa hadithi, yaani kijiji cha Juffure, kuzaliwa na kukua kwa mhusika mkuu Kunta Kinte, kisha kukamatwa kwake. Kutoka hapo, mzigo mkubwa wa mashamba, minada na vizazi vilivyofuata ukamwangukia Fried. Waamuzi wa Emmy walilielewa hilo. Tuzo ya muziki wa kipindi cha kwanza waliwapa wote wawili, na Fried akateuliwa tena peke yake kwa kipindi cha nane. Kwa hiyo mwaka uleule ambao tuzo ziliandika majina mawili, jalada lilitosheka na moja.

Albamu yenyewe ina vipande 17 ndani ya takriban dakika 28. Santuri ya inchi 12 hubeba dakika 20 hadi 22 kila upande bila sauti kudhoofika, na wahandisi wa miaka ile walikuwa wakifika hapo kila wiki. Maana yake ni kwamba zaidi ya dakika kumi ziliachwa tupu kwenye albamu ya tamthilia iliyojaza saa 12 za televisheni, matangazo ya biashara yakiwemo. Hata nusu ya dakika hizo ingetosha kupitisha kipande kimoja kizima cha Fried.

Badala yake, Fried alipata nafasi kwa wimbo mmoja, “Roots Mural Theme”, nao ukakatwa. Kipande namba 2 ndicho wimbo wenyewe. Namba 10 ni “Roots Mural Theme Intro”, kilichopachikwa jina la ziada la mnada wa watumwa. Namba 14 ni “Roots Mural Theme Bridge”, kinachobeba jina la maisha ya shambani. Msikilizaji anakutana kwanza na wimbo, vipande saba vingine vinapita, ndipo utangulizi wake unafika. Vitatu zaidi vinapita, ndipo daraja linatokea likiwa peke yake.

Mpangilio huu ni kosa la kiufundi kabla ya kuwa kosa la heshima. Utangulizi hujenga matarajio: unaweka ufunguo wa sauti, unaweka mwendo, unamwandaa msikilizaji kwa melodi ambayo bado hajaisikia. Ukiletwa baada ya melodi kuwa imeshasikika na kusahaulika, haumwandai mtu kwa lolote. Daraja nalo lina maana pale tu lilipo kati ya kingo mbili, pale melodi ilipoondoka na pale inaporudi. Kwenye namba 14 halina ukingo hata mmoja. Kabla yake kuna wimbo wa kiroho wenye ulimwengu wake, na baada yake kwaya inaingia na “Oh Lord, Come by Here”. Kazi ya Fried hapo imegeuzwa gundi ya kuunganisha nyimbo za watu wengine.

Anayevipanga upya vipande hivyo kwa mfuatano wa 10, 2, 14 anapata umbo ambalo majina yenyewe yanalidai: mwanzo, wimbo, daraja. Wakati huo huo anasikia kilichopotea, kwa kuwa hakuna kipande cha nne kinachorudisha melodi na kuifunga. Mtunzi aliyeandika melodi pana ya kiokestra, yenye kifua cha kubeba ukoo mzima, hakuandika daraja ili liishie hewani. Kuna mkono uliokata, na uliokata kwa kufuata ratiba ya hadithi wala si mantiki ya muziki. Mnada ulihitaji sauti, ukapewa utangulizi. Shamba lilihitaji sauti, likapewa daraja.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba A&M walijua njia nyingine, na waliitumia. Kwenye singo ya mizunguko 45 iliyotoka mwaka huohuo kwa jina “Roots Medley”, “Motherland” ya Jones na “Roots Mural Theme” viliunganishwa kuwa kitu kimoja. Jones na Fried wanasimama bega kwa bega, Afrika inafungua na okestra inapokea, na msikilizaji anaelewa bila kuelezwa kwamba hadithi imevuka bahari. Singo hiyo huuzwa kwa bei ya kutupa kwenye masanduku ya santuri ndogo, na wakusanyaji wengi huipita. Kwa upande wa Fried, hakuna toleo linalomtendea vyema kuliko hilo. Pale lebo ilipotaka kuuza redioni ilijua thamani ya melodi yake, na pale ilipokuwa na nafasi ya kutosha ikaikata.

Ugonjwa mwingine wa albamu za wakati huo umo humu pia: maneno ya waigizaji kupachikwa katikati ya muziki. “You in Americuh Now, African”, chenye sauti ya Louis Gossett Jr., ni kumbukumbu ya onyesho, na waliotazama hawahitaji kukumbushwa. Maneno husikika vizuri mara ya kwanza, na kufikia mara ya tano sindano inanyanyuliwa. Kwenye albamu yenye njaa ya dakika, kila sekunde ya mazungumzo ni sekunde iliyochukuliwa kutoka kwa okestra.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Letta Mbulu kwenye “Oluwa” haguswi. Caiphus Semenya ameipa “Mama Aifambeni” mgongo imara, ngoma za Bill Summers zimerekodiwa kwa usafi wa hali ya juu, na kwaya aliyoiongoza James Cleveland inafanya kilichotarajiwa. Inaweza kuulizwa kwa nini kijiji cha Wamandinka kando ya mto Gambia kinaimbiwa na wahamishwa wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi Marekani. Jibu ni kwamba hao ndio Waafrika ambao Jones aliwafahamu na kuwaamini, na matokeo yanamtetea.

“Oluwa” inarudi mwisho wa upande wa pili, safari hii kwa Kiingereza. Wimbo ni mzuri mara zote mbili, lakini kwenye albamu ya dakika 28 kuurudia ni anasa. Nafasi ile ndiyo hasa iliyopaswa kuipokea melodi ya Fried ikirudi kutoka darajani.

Toleo la CD halikuleta ahueni. Diski hubeba dakika 74 au zaidi, na yaliyopangwa ndani yake ni yaleyale, kwa mfuatano uleule. Faida ya CD ni moja, kwamba mkusanyaji anaweza kuipanga mashine icheze 10, 2, 14 bila kunyanyuka kitini. Hasara yake ni kwamba mgawanyo wa pande mbili, uliokuwa na maana kwenye santuri kwa sababu kugeuza upande kulitenganisha safari ya meli na nchi ya utumwa, umefutika. Kwa hiyo, kati ya santuri na CD, anayefuata simulizi abaki na santuri, na anayetaka kurekebisha kosa achukue CD. Atakayetaka kusikia lebo ikimheshimu Fried atafute singo.

Yapo maelezo yanayotolewa kuitetea A&M, na ya kwanza ni ya gharama. Chini ya mikataba ya chama cha wanamuziki wa Marekani, AFM, muziki uliorekodiwa kwa ajili ya televisheni ulipohamishiwa albamu ulidai malipo mapya kwa kila mpiga ala. Ndiyo maana albamu nyingi za filamu na tamthilia za miaka ile zilikuwa fupi, au zilirekodiwa upya studio. Hoja hiyo inaeleza kwa nini A&M hawakumwaga tepu zote za Fried sokoni. Haielezi kwa nini kile walichokuwa nacho kilipangwa kinyume, wala kwa nini jalada halikuwa na nafasi ya neno moja zaidi. Wino wa jina la pili haukuwa na gharama.

Hoja ya pili ni soko: mwaka 1977 Quincy Jones alikuwa nyota wa A&M, na Fried alikuwa mpiga oboe kutoka Bronx aliyejulikana na watu wa studio. Hilo ni kweli, na lebo za miaka ya 1970 ziliuza nyota kabla ya kuuza muziki. Lakini Jones hakuhitaji kuvikwa kilemba cha mwenzake. Tayari alikuwa na jina la kutosha nyumba mbili.

Waliotangulia walionyesha kwamba inawezekana. Jerry Goldsmith alipoandika muziki wa tamthilia ya QB VII mwaka 1974, ABC Records ilitoa santuri ambayo nayo haikuwa ndefu, ila ilipangwa na mtu mwenye sikio: mada zinaingia, zinakua, zinarudi, na msikilizaji ambaye hajatazama hata kipindi kimoja anajua nani anateseka na nani anashitakiwa. Miaka mingi baadaye muziki huo ulirekodiwa upya kikamilifu na okestra ya Prague, na mifupa ya santuri ile ya kwanza bado inatambulika ndani yake. Alex North naye, kwenye Rich Man, Poor Man ya 1976, hakuruhusu mada kuu igawanywe kama nyama ya harusi.

Mfano unaokaribia zaidi ni Masada ya 1981, tena ABC, tena usiku kadhaa mfululizo, tena watunzi wawili. Goldsmith aliandika sehemu mbili za kwanza, Morton Stevens akamalizia mbili za mwisho. MCA walitoa albamu ya Goldsmith peke yake, na Stevens akabaki mlangoni kama Fried. Tofauti ni kilichofuata: lebo ya Intrada ilirudi kwenye tepu na kutoa toleo lenye kazi za wote wawili, kila mmoja na sehemu yake, kila mmoja na jina lake. Baada ya hapo hapakuwa na ubishi tena kuhusu Masada, kwani anayempenda Goldsmith ana diski yake, na anayetaka kujua Stevens alimalizaje ana yake.

Kwa Roots njia hiyo ina vizingiti. Albamu ya A&M sasa iko mikononi mwa Universal, na tamthilia yenyewe iko Warner. Kumuunganisha Jones na Fried kwenye boksi moja kunahitaji wenye mali wawili kukaa meza moja. Sauti ya asili nayo ni ya mono, maana televisheni ya Marekani ya 1977 haikuwa na stereo, hivyo kuiweka kando ya rekodi nene za studio za Jones kungeonyesha mshono. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho lebo za wakusanyaji hazijawahi kukivuka.

Ushahidi ni Fried mwenyewe. Muziki aliouandikia Star Trek mwaka 1967, pamoja na ule wa pambano kwenye “Amok Time” ambao vizazi vinaufahamu kwa masikio, umo kwenye boksi la diski 15 lililotolewa na La-La Land Records mwaka 2012. Mapigano ya wageni wa sayari nyingine yamehifadhiwa dakika kwa dakika. Mtunzi huyo alifariki Februari 2023, akiwa na miaka 95. Jones akafuata Novemba 2024, akiwa na miaka 91. Roots iliyotengenezwa upya mwaka 2016 ilipewa muziki mpya wa Alex Heffes, hivyo haikuwa na sababu ya kuzifungua tepu za zamani. Mkusanyaji anayetaka kumsikia Fried wa 1977 kwa mapana anarudi kwenye DVD, anavumilia milango, farasi na mazungumzo juu ya okestra, na anaanzia pale Kunta Kinte anaposhushwa melini.